Upatanisho

Mtu ana, watu wana, kwa fimbo naelekeza,
Mti una, miti ina, na sauti wanapaza,
Jiwe lina, mawe yana, vumbi la chaki lacheza,
Kiti kina, viti vina, kila neno lina kwao.

Ndivyo nilivyofundisha miaka kumi na tisa,
darasa la tano, Pasua, Moshi,
kengele yetu rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgrevilea.
Sikuwa na huruma na silabi.
*Mbwa inabweka*? Mstari mwekundu.
*Kuku imetaga*? Andika mara kumi: ametaga, ametaga,
hadi kuku mwenyewe achoke.

Kisha Ndeanasia akaandika, katika insha ya asubuhi:
*Mlima aliamka mapema, akavua shuka lake,
akatutazama tukienda kuchota maji.*
Nikaweka *u* nyekundu juu ya kila *a*. Nikamwita.
Mlima uko ngeli gani?
"U-I, mwalimu. Mlima umeamka, milima imeamka."
Hakupepesa.
Sasa mbona?
Akakuna goti.
"Nikiandika *uliamka*, mwalimu, unakuwa mawe tu.
Na mimi aliniona."

Nilitafuta wembe, nikazikwangua zile *u* zangu
mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Wiki iliyofuata darasa zima lilipata wazimu.
Kiti amechoka. Daftari anaumwa tumbo.
Hata choo, Mungu anisamehe, choo ameshiba.
Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikakata alama.
Niliwaambia jambo fulani kuhusu uzio,
kwamba anayeuruka sharti kwanza ajue mlango ulipo.
Nililipenda sana jambo hilo.
Nilikuwa bado sijalielewa.

Kundaeli hukaa nyuma, penye dirisha lisilo na kioo.
Arobaini na nane kwa hamsini, kila jaribio.
Mwezi wa sita niliwapa kichwa cha habari: Nyumbani Kwetu.
*Mama alipika. Dada alifua.
Baba lilirudi saa saba usiku.
Liligonga. Likaingia. Likafungua mkanda.*

Nikarudi kurasa za nyuma. Januari, baba a-.
Machi, baba a-, alininunulia kandambili.
Mei, hakuna baba kabisa.
Kalamu ilisimama juu ya ile *li*
hadi wino ukaacha doa, kubwa kama punje ya choroko.

Sikusahihisha. Nilivaa koti nikafuata mfereji hadi kwao.
Niliyoyasema pale mlangoni, na kesho yake kwa mtendaji wa kata,
hayamo humu.

Septemba akaja mkaguzi, na jedwali lake.
Akafungua daftari palepale, kana kwamba limeelekezwa.
"Mwalimu, hapa pana kosa la upatanisho wa kisarufi.
Halikusahihishwa."
Naliona.
"Unaliona?"
Mtoto huyu, nikasema, hajakosea upatanisho tangu darasa la tatu.
Akaisoma tena sentensi, midomo ikicheza bila sauti.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Kuna alichokiandika kwenye jedwali. Sijakijua mpaka leo.

Bado naelekeza kwa fimbo: mtu ana, watu wana.
Bado *mbwa inabweka* anakula mstari mwekundu.
Tukifika *jiwe lina*, kuna mdomo mmoja kule dirishani
unaofumba kidogo,
kisha unawawahi wenzake kwenye *mawe yana*.
Kila neno lina kwao.
Kundaeli, kwao kwa sasa ni Njoro, kwa shangazi.

Juzi ameandika:
*Kitanda changu kipya ananingoja.*
Changu. Kipya. Halafu *a*.

Nimempa vema, kwa kalamu ileile.